Watoto 43, ukumbi wa kanisa na ruzuku ya dola milioni 4

SWALI: Mimi ni mama wa miaka 61. Nilifundisha shule ya msingi Bukavu kwa miaka 22, sasa naishi Louisville, Kentucky. Tangu 2019 mimi na wenzangu wanne tunawasomesha watoto wa wakimbizi, jioni tatu kwa wiki, katika ukumbi wa kanisa. Kwa sasa wapo 43. Wengi wametoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kule walisoma kwa mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, na Kiingereza wamekikuta huku. Kuna kijana ametuambia serikali kuu ina ruzuku ya hadi dola milioni 4 kwa miradi mipya inayosaidia wanafunzi wenye uhitaji mkubwa, na kwamba atatuandikia maombi kwa asilimia 15 ya fedha tutakazopata. Je, ruzuku hiyo ipo kweli? Na sisi tunafaa?

JIBU: Mama Mwalimu, shikamoo. Ruzuku ipo, au niseme kwa uangalifu zaidi, imo katika sheria. Inaitwa Education Innovation and Research, sisi tunaoshughulika nayo tunaiita EIR tu, na hiyo milioni 4 kijana hakuitunga. Ndiyo iliyokuwa kikomo cha daraja la chini katika matangazo ya miaka ya karibuni, kwa mradi wa hadi miaka 5. Je, mnafaa? Watoto wenu wanafaa, tena sana. Nyinyi kuwa waombaji, kwa sasa, hapana. Nimesaidia vikundi vingi vya jamii zetu huku na karibu vyote vilikwama hapohapo, kwenye kudhani kwamba mtoto akifaa basi na anayemsaidia amefaa.

Nadhani neno lenyewe linatupoteza. Kwetu Tanzania ukimtajia mwalimu mkuu ruzuku, anafikiria fedha za uendeshaji wa shule: shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi, 25,000 kwa wa sekondari. Unahesabu vichwa, fedha zinafuata vichwa. Marekani nako zipo fedha za namna hiyo, na ni nyingi. Title I pekee ni zaidi ya dola bilioni 18 kwa mwaka, zinagawiwa kwa kanuni kwenda kwenye wilaya za shule zenye watoto wengi maskini, hakuna anayezishindania kwa kuandika insha nzuri. EIR si hiyo. Mwaka wa fedha 2024 ilitengewa dola milioni 259, chumvi tu kwenye sufuria ya Title I. Chumvi hiyo haikuwekwa imshibishe mtu. Serikali inanunua majibu: njia hii ya kumsaidia mtoto aliyeachwa nyuma, inafanya kazi au tunajifurahisha?

Historia yake ni fupi. Februari 2009, uchumi ukiwa umeanguka, Rais Obama alitia saini sheria ya kuufufua, na ndani yake zilikuwemo dola milioni 650 za mfuko uliokuja kuitwa Investing in Innovation, kwa kifupi i3. Shindano la kwanza lilikuwa 2010, Arne Duncan akiwa waziri wa elimu. Maombi yalifika 1,698. Washindi walikuwa 49. Wanne tu ndio waliopata daraja la juu kabisa, kati ya dola milioni 45 na 50 kila mmoja, na si majina ya uchochoroni: Teach For America, KIPP, Success for All, na chuo kikuu cha Ohio State kwa programu yake ya kusoma, Reading Recovery. Mshindi alitakiwa pia atafute asilimia 20 ya ziada kwa wafadhili binafsi, na kwa wiki chache tu. Sheria mpya ya elimu ya Desemba 2015 iliibadili i3 ikawa EIR. Robo ya fedha ikatengewa maeneo ya vijijini, mchango wa mwombaji ukashushwa hadi asilimia 10, na mchango huo ukaruhusiwa kuwa hata wa vitu au huduma, si lazima taslimu.

Kuhusu watoto sitakaa sana, maana hapo mna nguvu. Katika tangazo la i3, mwanafunzi mwenye uhitaji mkubwa alielezwa kuwa ni yule aliye hatarini kufeli au anayehitaji msaada wa pekee: anayeishi katika umaskini, aliye nyuma sana ya darasa lake, aliyeacha shule, asiye na makazi, anayelelewa na familia ya kambo chini ya uangalizi wa serikali, aliyewahi kufungwa, mwenye ulemavu, anayejifunza Kiingereza. Ukisoma orodha ile ni kama unaita mahudhurio ya ukumbi wenu. Na si nyinyi tu. Kongo ndiyo iliyotoa wakimbizi wengi kuliko nchi yoyote waliopokelewa Marekani katika mwaka wa fedha 2023, na tena 2024, na Kentucky Kiswahili ni miongoni mwa lugha kubwa za nyumbani kwa wanafunzi wanaojifunza Kiingereza. Sehemu hii ya andiko mngeiandika kwa usiku mmoja na mngepata alama.

Shida ni kurasa zinazobaki.

EIR ina madaraja matatu. La kwanza ni la wazo changa, hadi dola milioni 4. Mwombaji hatakiwi kuleta utafiti wake mkubwa, ila aonyeshe mantiki: tukifanya hivi, mtoto atabadilika hivi, na kuna utafiti wa watu wengine unaotupa sababu ya kuamini. La pili, hadi milioni 8, linataka ushahidi wa wastani. La tatu, hadi milioni 15, linataka ushahidi mzito. Na katika madaraja yote matatu kuna sharti moja ambalo kijana wenu nahisi hakulitaja: mradi lazima upimwe na mtathmini huru, mtu asiye wenu, kwa njia ambayo mtafiti mkali hataitilia shaka. Mara nyingi hiyo ina maana ya kupiga kura. Watoto wanaostahili wakiwa 400 na nafasi 200, majina yanachanganywa, nusu wanaingia, nusu wanabaki wakilinganishwa nao.

Najua utasema nini. Kila nikielezea jambo hili kwa walimu wetu kuna mama anayeuliza, tutamnyimaje mtoto? Mimi hujibu kwamba kama nafasi hazitoshi, tayari kuna wanaonyimwa, na kwa kawaida ni wale ambao mama zao hawakupata ujumbe wa WhatsApp mapema. Kura ni ya haki kuliko kuwahi. Lakini kwenu nyinyi tatizo halijafika huko. Kwenu tatizo ni hesabu.

Chukua watoto wako 43. Gawa kwa kura, 21 huku, 22 kule. Mwisho wa mwaka wapime kusoma. Ili mtafiti aseme kwa uhakika unaokubalika kwamba tofauti aliyoiona si bahati tu, mradi wako utalazimika kumtoa mtoto wa katikati, yule wa 50 katika mstari wa watoto 100, umfikishe karibu nafasi ya 80. Ukiwa na alama zao za kabla ya kuanza, sharti linalegea kidogo, labda nafasi ya 73. Sasa linganisha na hali halisi. Uchambuzi uliotoka 2020, uliounganisha tafiti nyingi za kura kuhusu masomo ya ziada kwa mtoto mmoja mmoja au vikundi vidogo, ulipata wastani wa kumtoa mtoto nafasi ya 50 hadi kama ya 64. Hayo ni matokeo mazuri mno katika elimu, watu wanayashangilia. Kwa hiyo mradi wenu unaweza kuwa mzuri kama miradi bora ya nchi hii na bado, kwa watoto 43, ripoti ikaandika kwamba hakuna athari iliyoonekana. Kanuni za wizara zinazotumika kupima ushahidi zinataka sampuli ya watoto 350 au zaidi, kutoka sehemu zaidi ya moja, ili utafiti uhesabike kuwa wa wastani au mzito.

Ongeza hapo jambo ambalo unalijua kuliko mtathmini yeyote: watoto wetu wanahama. Baba anasikia kiwanda cha nyama Iowa kinalipa dola 3 zaidi kwa saa, Jumamosi familia imepakia gari, Jumatatu kiti kiko wazi. Kwenye utafiti kila anayeondoka ni tundu, na matundu yakizidi upande mmoja kuliko mwingine, utafiti mzima unashushwa hadhi. Nimeona mradi wa miaka minne ukifia hapo, si kwa kufundisha vibaya bali kwa kukosa mtu wa kufuatilia namba za simu.

Hebu nikuonyeshe aliyefanikiwa alipitia wapi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika sekondari ya St. Louis Park huko Minnesota, mshauri wa wanafunzi aitwaye Angela Jerabek alichoka kuona karibu nusu ya wanafunzi wa darasa la 9 wakifeli somo moja au zaidi. Alichokifanya hakikuhitaji mitambo. Ratiba ilipangwa upya, kundi moja la wanafunzi likawa na walimu walewale, na walimu hao wakawa wanakaa pamoja kila wiki kupitia majina ya watoto. Wote, si watundu na waliofeli peke yao. Nani alikosa siku mbili, nani ameng'aa kwenye sayansi, nani amenyamaza tangu juzi. Mpango huo ukaitwa Building Assets, Reducing Risks, yaani BARR. Ulikaa katika shule ileile zaidi ya miaka 10 kabla ya senti ya i3 kuufikia. Mwaka 2010 ukapata dola milioni 5, ukapimwa kwa kura. Mwaka 2013 ukapata milioni 12. Baadaye ukapata milioni 20, ukawa wa kwanza kupanda ngazi zote tatu.

Lakini tazama jina lililoandikwa kwenye mstari wa mwombaji. Mwaka 2010 halikuwa la yule mshauri wala la shule yake. Lilikuwa la Search Institute, taasisi ya utafiti ya Minneapolis. Mwaka 2013 lilikuwa la Spurwink, shirika la huduma la Maine. Wazo lilikuwa la mwalimu. Mkoba ulibebwa na mwenye mikono ya kuubeba. Hilo ndilo jibu langu kwako, Mama, na mengine yote humu ni maelezo yake: msiombe, bali mwombwe. Muwe mshirika anayetajwa kwa jina ndani ya andiko la mtu mwingine, mwenye kazi yake, bajeti yake na mkataba wake.

Mkoba wenyewe una uzito gani? Fedha za EIR haziji kwa mkupuo kama mchezo wa kupokezana. Unachota kidogokidogo kupitia mfumo wa wizara, kwa matumizi ya karibuni, na kila saa ya kila anayelipwa lazima iwe na kumbukumbu inayoonyesha alifanya nini. Shirika linalotumia dola milioni 1 au zaidi za serikali kuu kwa mwaka (kiwango kilikuwa 750,000 hadi kilipopandishwa kwa miaka ya fedha inayoanza Oktoba 2024 au baadaye) linakaguliwa kwa ukaguzi maalumu, na mkaguzi halali kwa mashirika ya aina hiyo si yule mpwa anayejua Excel. Kabla hata ya kuomba unahitaji namba ya UEI, yaani namba ya utambulisho wa shirika, na usajili hai kwenye SAM.gov, tovuti ya serikali kuu ya kusajili waombaji, na usajili huo unakufa kila mwaka usipouhuisha. Andiko langu la kwanza kabisa, nilipokuwa mgeni katika kazi hii kwenye shirika moja dogo, halikusomwa na mtu yeyote. Tulikuwa tumelala saa nane za usiku wiki mbili mfululizo, kisha siku ya mwisho, saa tatu kabla ya dirisha kufungwa, mfumo ukatuambia usajili wetu uliisha mwezi uliopita. Mkurugenzi wangu alikaa chini palepale sakafuni.

Kuna jambo la kanisa pia. Ukumbi wa kanisa hauwazuii. Mashirika ya dini yanaruhusiwa kupokea fedha za serikali kuu kwa masharti sawa na mengine. Ila kinacholipiwa na fedha hizo kisichanganywe na ibada. Sala ya kufungua kipindi, ile ambayo najua mnaisali, ingebidi iwe kabla ya saa za mradi, au katika chumba kingine, na mtoto asiyeitaka asipoteze chochote. Wengine huliona hili dogo. Wazee wa kanisa wakilisikia kwa mara ya kwanza mbele ya mkaguzi, haliwi dogo.

Na kuna jambo la alama za watoto. Wewe kama mwalimu umezoea kuiona ripoti ya mtoto. Huku, tangu sheria ya FERPA ya 1974, shule haiwezi kumpa mtu wa nje rekodi za mtoto bila ridhaa ya mzazi kwa maandishi, isipokuwa kwa njia chache zilizotajwa na sheria. Mtathmini bila alama za shule ni sawa na fundi saa gizani. Ndiyo maana makubaliano ya kupeana taarifa kati yenu na wilaya ya shule yana thamani kuliko barua kumi za kuwasifu. Anzeni nalo hata kama ruzuku hamjaiona kwa macho: fomu ya ridhaa ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kiingereza, mzazi anatia sahihi siku anapomwandikisha mtoto. Isomeni kwa sauti mbele yake. Wazazi wengi waliokaa kambini wamewahi kutia sahihi karatasi wasizozielewa, na wanakumbuka.

Nimeshakaa pia upande wa pili, kama msomaji wa maandiko katika shindano jingine la elimu, kwa hiyo nikuambie kinavyoonekana kutoka kule. Wasomaji ni watu wa nje, wanalipwa kidogo, kila mmoja anasoma peke yake kwanza na kuandika alama na sababu, kisha wanajadiliana. Saa tano za usiku umeshasoma maandiko sita na yote yameanza kwa kulia: watoto wetu wanateseka, watoto wetu wamesahaulika. Unaamini. Wote unawaamini. Na ndiyo sababu kilio hakimtofautishi mtu na mwenzake. Kisha linakuja moja linalosema, katika ukurasa wa pili, mtoto huyu akifika hajui sauti za Kiingereza lakini anajua silabi za Kiswahili na anaweza kusoma Kifaransa kidogo. Sisi tunaanzia kwenye silabi anazozijua, wiki 12, dakika 40 kila jioni, na hivi ndivyo tutakavyojua kama tumekosea. Hapo unajikuta umeketi wima.

Hilo la silabi nimelitaja makusudi. Katika barua yako ndefu, ambayo hapo juu nimeifupisha, umeeleza kwamba unamwanzisha mtoto kwa ba-be-bi-bo-bu kisha unamhamisha kwenda Kiingereza sauti moja moja, ukionyesha wapi herufi ileile inabadili tabia. Mama, wenzako wanaandika kurasa 25 kutafuta kitu kama hicho. Umekitupia mwishoni kama nyongeza.

Usidhani lakini kwamba jina kubwa au ushahidi wa awali hummalizia mtu safari. Tathmini za ruzuku 67 za mwanzo za i3 zilipokusanywa katika ripoti ya wizara ya 2018, ni 12 tu zilizoonyesha kwa uhakika kwamba wanafunzi walinufaika kitaaluma. Na Reading Recovery, mmoja wa wale wanne wakubwa, ina kisa ambacho mimi hukirudia kila mahali. Utafiti wake wa kura chini ya i3 ulihusisha watoto karibu 7,000 na ukaonyesha watoto wa darasa la kwanza wakipiga hatua kubwa kwa muda mfupi. Kila mtu akafurahi. Kisha mwaka 2022 timu iliyokuwa imefanya utafiti ikaleta matokeo ya ufuatiliaji: watoto waliopitia programu hiyo walipofika darasa la tatu na la nne, alama zao zilikuwa chini ya wenzao waliolinganishwa nao. Wanaoitetea programu wana hoja zao kuhusu njia ya ufuatiliaji ule, na mjadala haujaisha. Bila fedha za tathmini lakini, swali lenyewe lisingeulizwa, na mimi naona hapo ndipo ruzuku hii ilipofanya kazi yake hasa, ingawa mwenye programu hakupenda.

Sasa mfanye nini? Kwanza kabisa, kwa ukubwa wenu, kuna mlango mwingine ambao watu wanaupita wakikimbilia EIR. Ni 21st Century Community Learning Centers, fedha za serikali kuu kwa ajili ya masomo ya baada ya saa za shule, zaidi ya dola bilioni 1.3 kwa mwaka wa fedha 2024. Hizi hazigombaniwi Washington. Zinakwenda kwa majimbo, na idara ya elimu ya jimbo, kwenu Kentucky, ndiyo inayoendesha shindano. Vikundi vya jamii vinaruhusiwa kuomba, na kuomba pamoja na shule kunapendelewa. Sheria inasema ruzuku isipungue dola 50,000 kwa mwaka, na idumu kati ya miaka 3 na 5. Hakuna anayekutaka upige kura ya watoto. Watakutaka ueleze mtahudumia shule zipi zenye umaskini mkubwa, watoto watafikaje na kurudije salama, na mtaonyeshaje maendeleo. Haya mnaweza.

Wakati huohuo mtafuteni mwenye mkoba. Idara ya wilaya inayoshughulikia wanafunzi wa lugha nyingi ni ya kwanza kugongewa hodi, na ya pili ni kitivo cha elimu cha chuo kikuu kilicho karibu, kwa sababu profesa kijana anayehitaji kuchapisha anawatafuta nyinyi kama nyinyi mnavyomtafuta. Msiende na ombi la fedha. Nendeni na daftari. Mtoto aliingia lini, alijua nini siku hiyo, alihudhuria jioni ngapi, anajua nini sasa, na kama ameondoka, ameondokea wapi. Kipimo kiwe kilekile kwa wote na kipimwe na mtu yuleyule, ikiwezekana si mwalimu wake. Daftari la miaka miwili la namna hiyo, na njia yenu ya silabi iliyoandikwa hatua kwa hatua hadi mgeni aweze kuifuata, ndivyo vitakavyomfanya profesa aseme, tuandike pamoja. Mkifika hapo, kikundi chenu kikubali kazi iliyo wazi na malipo yaliyo wazi. Nimeona mashirika ya wakimbizi yakitajwa mara 14 ndani ya andiko na mara sifuri ndani ya bajeti. Ombeni kuiona bajeti kabla ya kutoa barua ya kuunga mkono.

Maandiko ya washindi wa EIR huwekwa hadharani na wizara. Tafuteni mawili au matatu ya daraja la kwanza, yasomwe na yule kati yenu mwenye Kiingereza kizuri na subira. Mtajifunza zaidi ya semina yoyote, pamoja na zangu. Na walioshindwa nao hupewa maoni ya wasomaji, kwa hiyo mkimpata mtu aliyewahi kuanguka, mwombeni awaonyeshe karatasi zake. Wengi wanaona haya. Anayekubali ni rafiki wa kweli.

Hali ya sasa ya wizara nayo siwezi kuiruka. Vipaumbele vya EIR vimekuwa vikifuata Ikulu: katika awamu ya kwanza ya Trump msisitizo ulikuwa sayansi na kompyuta, chini ya Biden ukahamia usawa, walimu na ustawi wa kihisia wa watoto. Januari 2025 upokeaji wa wakimbizi ulisimamishwa kwa amri ya rais. Machi 2025 wizara ya elimu ilitangaza kupunguza wafanyakazi karibu kwa nusu, kitengo chake cha utafiti kikabaki na watu wachache mno, na siku chache baadaye Trump akasaini amri ya kuanza kuifunga wizara, ingawa kuifuta kabisa kunahitaji Bunge. Kwa hiyo msijenge chochote juu ya tangazo la mwaka jana. Kila msimu someni tangazo jipya kwenye Federal Register, gazeti rasmi la serikali kuu, neno kwa neno, na kama halijatoka, basi halijatoka, hata kijana wenu aseme ana mtu wa ndani.

Tukirudi kwa huyo kijana. Mwandishi wa maandiko halali yupo, na analipwa kwa saa au kwa kazi, ushinde au ushindwe. Kanuni za matumizi ya fedha za serikali kuu hazikubali ada ya mshauri inayotegemea fedha zipatikane, kwa hiyo hiyo asilimia 15, dola 600,000 kwa ruzuku ya milioni 4, isingeweza kutoka ndani ya ruzuku. Ingetoka wapi, kwenye sadaka ya Jumapili? Muulizeni hivyohivyo, kwa upole. Na kama tayari amewaomba dola mia kadhaa za kuwasajili SAM.gov, msimpe. Usajili ule ni bure, na wewe Mama, uliyejaza fomu za UNHCR, huo utaujaza kwa alasiri mbili.